Beseni la Kiogoro

Simu ya Kwamboka ilinikuta jikoni kwangu Masimba nikimenya ndizi, vidole vimejaa utomvu. "Mama yangu ametuacha," akasema. Nikasema pole. Nikauliza mazishi ni lini, akaniambia ni Alhamisi, kwao Manga. Nikaweka simu chini nikamenya ndizi zilizobaki, nikazipika, nikala, nikaosha sahani. Kwamboka ni binti ya Kemunto, na Kemunto ndiye mtu aliyenirudisha duniani nilipokuwa nimeanza kutoka, lakini habari za kifo chake zilinipita kama habari za bei ya majani chai. Sebuleni mjukuu wangu Nyanchama, aliyekuja likizo kutoka Nairobi, alikuwa ameketi juu ya mkeka, miguu ameikunja, macho ameyafumba, anasikiliza mwanamume fulani akinong'ona ndani ya simu. "Magokoro, keti hapa," aliniita, maana ndivyo wajukuu wanavyotuita mabibi huku kwetu. "Hii inasema hakuna mtengano. Wewe na hiyo ndizi na mimi, sisi ni kitu moja." Nikamwambia ndizi nimekula peke yangu na yeye bado ana njaa, basi aendelee na umoja wake. Akacheka sana. Mimi sikucheka, kwa kuwa jambo hilo nalijua. Nililijua nikiwa na miaka kumi na tisa, Kiogoro, mikono yangu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi, na sikulipenda, na nililitumia vibaya. Sijawahi kumwambia mtu.

Mwaka huo ulianza na mtoto wangu wa kwanza, aliyezaliwa kimya. Wanawake wazee walimfunga kitambaa, wakatoka naye kwa mlango wa nyuma, na walikuwa wamekwisha kumzika kabla mimi sijaweza kukaa kitako. Ndivyo ilivyofanywa wakati ule: mama haonyeshwi, asije akaibeba ile sura maisha yake yote. Hawakuwa wabaya. Walidhani wananipunguzia mzigo. Lakini walinipunguzia mpaka nikabaki sina kitu cha kushika, na watu walipokaa wakingoja nilie, sikuona nimlilie nani. Wiki zikapita. Nilichota maji, nilichuma chai, niliitikia nilipoitwa. Chakula kilikuwa kinanikaa mdomoni mpaka kinapoa, halafu nikakiacha kabisa. Mume wangu alikuwa mtu mwema asiye na maneno; alikuwa akiniangalia kisha anatoka kwenda kuwatazama ng'ombe. Nyumba ile ya Manga ingenizika, nasema hivyo bila kuongeza chumvi. Ndipo Kemunto, jirani yetu wa boma la chini, mwanamke mjane aliyekuwa akifanya kazi karibu na mjini na kurudi nyumbani mara chache kumwona binti yake, alipoingia kwa mama mkwe wangu bila kubisha hodi sawasawa. "Nipeni huyu," akasema. "Ataenda akae na mimi Kiogoro ashike maji. Hapa mnamwangalia tu kama sufuria ya maziwa." Nilikuwa nimeketi palepale, na walinizungumzia kama mtu aliyelala. Kesho yake nikaenda naye.

Chumba chake kilikuwa kimoja, cha mabati, kitanda cha chuma, pazia la maua yaliyofifia, na stovu ya mafuta ya taa iliyokuwa ikikohoa kabla ya kuwaka. Tulilala kitanda kimoja, yeye upande wa ukuta. Alipika obokima, ugali wa wimbi ule mweusi, na chinsaga, zile mboga chungu, alizozilaza kwenye maziwa, na alinilisha bila kunibembeleza. Alikuwa akikata tonge, ananiwekea mkononi, anaendelea na habari zake. "Usiposikia utamu, kula hivyo hivyo. Tumbo haliulizi." Alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jioni kila kitu kilikuwa kimeshapikwa na sufuria zimefunikwa kwa gazeti, na Jumamosi tukitoka kanisani tulikula ndizi baridi tukiwa tumeketi mlangoni, tukingoja mvua ya alasiri, ambayo huku kwetu haina haja ya kualikwa. Mvua ilipopiga mabati hatukuweza kusemezana, na hilo lilinifaa. Leo nikijaribu kuikumbuka huzuni ya mwaka ule siipati. Nakumbuka ndizi baridi, na gazeti lililolowa mvuke, na kisigino cha Kemunto kilichopasuka. Huzuni yenyewe haikuwepo. Kulikuwa na nafasi tu, pale ambapo ingekaa.

Kazi ilikuwa ya kupiga msasa. Jiwe laini la Tabaka lilikuwa likiletwa kwa lori likiwa limeshachongwa na wanaume kule kuwa vifaru, sahani, mabakuli, watu walioshikana mikono, na sisi wanawake tulilifanya liteleze. Kibanda kilikuwa nyuma ya nyumba ya mwenye mali, Bi. Zuhura, mama wa Kiislamu wa pale mjini ambaye babu yake mmoja alikuwa Mgusii na mwingine, kama alivyokuwa akisema mwenyewe, alitoka huko reli ilikotoka. Tuliketi watu watatu kuzunguka beseni moja kubwa: Kemunto, mimi, na mama mmoja aitwaye Moraa aliyejua habari za kila nyumba kuanzia Kiogoro hadi sokoni. Kwanza msasa mkali, halafu wa kati, halafu ule laini kama karatasi, na yote hufanywa ndani ya maji, kwa sababu jiwe kavu hutoa vumbi la kuua kifua. Baada ya saa moja maji yalikuwa meupe kama maziwa na hukuona chochote chini yake, si jiwe, si mkono wako. "Usiangalie hiyo jiwe na macho," Kemunto alinifundisha siku ya kwanza. "Jiwe ikilowa inadanganya, inaonekana imekwisha. Uliza kidole. Kidole haidanganywi." Akaufumba mkono wangu juu ya bakuli, akalipitisha dole gumba langu taratibu mpaka likakwama kwenye mkwaruzo nisiouona. "Umesikia? Hapo ndipo kazi iko."

Maji yalikuwa baridi sana asubuhi, na vidole vilikuwa vikifa ganzi kabla chai ya saa nne haijaja. Mwanzoni niliona ni nafuu kuwa na sehemu ya mwili inayofanana na moyo wangu. Halafu siku moja, sijui ilikuwa mwezi wa pili au wa tatu wangu pale, niligusa kidole ndani ya yale maji meupe nikakishika, nikidhani ni changu cha mkono wa pili, na sikuweza kujua. Nilikibonyeza. Hakuna aliyesema kitu. Kilikuwa cha Kemunto au cha Moraa au changu, na jiwe nililolishika halikuwa na baridi kuliko mkono uliolishika, na maji hayakuwa nje ya mkono. Sauti ya msasa ilikuwa ikienda, krr, krr, na sikuweza kusema anayesugua ni nani na kinachosuguliwa ni nini. Sikuogopa. Sikufurahi pia, na hapo ndipo ninapotofautiana na yule mwanamume wa kwenye simu ya Nyanchama, ambaye sauti yake imejaa asali. Mwanga haukushuka. Ilikuwa tu kwamba ule ukuta ninaouita 'mimi' haukuwa pale ulipokuwa, na dunia iliendelea na kazi bila kuukosa. Kisha Moraa alipiga chafya na nikarudi. Baada ya hapo ilikuja mara nyingi: nikikata sukuma wiki, nikimsikiliza Bi. Zuhura akiwaita kuku wake, Jumamosi mlangoni kwenye mvua. Nilizoea kuingia humo kama mtu anavyozoea kulala mchana.

Kumbe watu walikuwa wakiniona. Asubuhi moja nilikwenda kumwaga maji ya jana, na nikiwa nyuma ya mabati nikamsikia Moraa akimwambia Bi. Zuhura, "Huyo Kerubo sio mtu wa kawaida. Mwanamke anazika mtoto na hatoi hata chozi moja? Hiyo roho ni jiwe kama hii ya Tabaka." Nikasimama na beseni tupu. Bi. Zuhura alikuwa akipeta mchele, nilisikia ungo. "Moraa, mwenye kovu usidhani kapoa," akasema. "Mwache msichana." Nilingoja nisikie uchungu. Nilingoja kabisa, kama unavyongoja chai ichemke. Haukuja, nikajaza beseni.

Mwezi wa kumi na moja ililetwa kazi ya kanisa moja la Kikatoliki, seti ya Krismasi iliyochongwa kwa jiwe moja jeupe lisilo na mishipa: Maria, Yusufu, wachungaji wawili, ng'ombe, punda, na mtoto wa horini, wa urefu wa kidole changu cha kati. Waliagiza tangu Pasaka, na Padri angekuja kuichukua kesho yake. Bi. Zuhura alituletea ikiwa imefungwa kwenye kanga yake mwenyewe. "Hawa watu ni wageni wangu," akasema. "Sura zao msiziguse na msasa wa maji. Karatasi mnaikunja ncha, mnapitisha kwa upole, basi." Tukagawana. Kemunto alichukua wanyama na mtoto, mimi wachungaji. Alasiri Kemunto aliniambia anakwenda chooni, akaniwekea mtoto mkononi ili asianguke. "Mshike kidogo."

Nikamshika. Alikuwa na pua, na macho yaliyofumba, na mdomo mdogo uliofanywa na mtu aliyejua midomo ya watoto. Sikumbuki kumtia majini. Nakumbuka mvua ikianza kwenye mabati, na ile hali ikaja, ukuta ukaondoka, na hapakuwa na mimi wala mtoto wala maji. Msasa ulikuwa ukienda. Kemunto aliporudi, mvua ilikuwa imemzuia nyumbani kwa Bi. Zuhura kwa muda mrefu, aliuona mkono wangu ukisugua na akaniambia, polepole sana, "Kerubo. Toa mkono." Nikautoa. Mtoto alikuwa akiteleza kote. Hakuwa na uso. Alikuwa kama kokoto ya mtoni iliyofungwa nguo. Moraa aliweka mkono mdomoni. Mimi nililitazama lile jiwe, na Mungu anisamehe, kitu pekee nilichofikiri ni kwamba sasa anafanana na wangu.

Asubuhi Bi. Zuhura alisimama mlangoni mwa kibanda, jiwe liko kiganjani. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. "Padri amekuja na ameondoka," akasema. "Nimemwonyesha mama asiye na mtoto. Nataka kujua ni mkono wa nani." Alikuwa akinitazama mimi. Nilijua nikifukuzwa pale ninarudi Manga, kwenye ile nyumba ya chakula kinachopoa mdomoni, na Kemunto alijua pia, na nilijua vilevile kwamba kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimsomesha Kwamboka. Mdomo wangu ulikuwa mzima. Ulimi ulikuwepo. Lakini mikono yangu ilikuwa ndani ya beseni, na nikaiita ile hali kwa makusudi, mara ya kwanza kuiita, na ikaja. Nikajiambia: mkono wa nani? Kuna mikono sita humu. Hakuna mimi, basi nani aseme? Nikanyamaza. Na Kemunto, ambaye mikono yake ilikuwa kwenye maji yaleyale, akainua kichwa na kusema, "Ni mimi."

"Wewe," akasema Bi. Zuhura, "miaka yote hii?"

"Nilichoka. Ni mimi."

Moraa alifungua mdomo. Kemunto akamkanyaga mguu chini ya beseni, niliona. Bi. Zuhura akalitupa lile jiwe kwenye rundo la vipande, akasema, "Basi, Kemunto. Mwenyewe umeniziba njia. Kazi yako hapa imekwisha." Nilimsikia baadaye akilia jikoni kwake, yeye, mwenye mali. Mimi nilikamilisha sahani mbili kabla ya chai.

Jioni ile Kemunto alifunga nguo zake kwenye shuka. Chumba kilikuwa kimelipiwa mpaka mwisho wa mwezi, akasema nikikae. Aliacha stovu. Nilitaka kumuuliza kwa nini, na nikauliza jambo jingine, kama anahitaji kamba. Akacheka. "Wewe mtoto, uko mbali sana," akasema. "Rudi pole pole. Lakini rudi." Kisha akatoa kwenye mfuko wa rinda lile jiwe, alilolichimbua kwenye rundo. "Shika. Hukupewa wako ushike, shika huyu." Alishuka na njia ya matope na mzigo kichwani, na sikutoka mlangoni kumsindikiza. Wazee husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ule wangu aliubeba kweli, na haukuwa usufi.

Nimelifikiria jambo hili miaka arobaini, nikiwa najipikia, nikiwa kanisani, na nimefika mahali hapa tu: tulikuwa katika maji yale mamoja. Kama ni kweli kwamba hakuna mpaka, na mimi nasadiki ni kweli kwa kuwa nilikuwepo, basi ulikuwa ukweli mmoja kwetu sote wawili. Mimi niliuchukua nikasema, hakuna mimi. Yeye akauchukua akasema, ni mimi. Hayo ndiyo mambo ambayo yule wa kwenye simu hamwambii Nyanchama.

Mwisho wa mwaka nilirudi kwa mume wangu, nikala, nikazaa watatu walio hai, tukahamia Masimba alikofungua duka. Watu husema nilipona. Nilifanya kila kitu ambacho aliyepona hufanya. Kemunto nilikuwa nikimwona kwenye mazishi ya watu na harusi. Tulisalimiana kwa mikono miwili, akaniuliza watoto, nikamuuliza Kwamboka. Nilisikia kwamba Kwamboka aliacha shule mwaka ule, na kwamba mama na binti walianza kuletewa mawe nyumbani na kuyapiga msasa nyuma ya jiko, kwa sababu mjini watu waliambiana kwamba Kemunto ana mkono mzito, anafuta sura za watu. Jina hilo lilimfuata. Sikufungua mdomo. Jamani, nilipewa miaka arobaini ya kusema.

Alhamisi nilikwenda Manga, jiwe liko ndani ya pochi langu, nikidhani nitalitia kwenye jeneza. Watu walikuwa wengi, mahema mawili, kwaya, mshereheshaji mwenye sauti kubwa kuliko msiba. Akaniita. "Sasa rafiki wa marehemu tangu ujana, dakika mbili!" Nikashika kipaza sauti. Niliwaona wote, na Kwamboka mstari wa mbele, mwanamke mzima mwenye mvi, na nilijua ni hapa. Nikasema Kemunto alikuwa mtu wa maombi. Nikasema alikuwa mkarimu. Nikasema tutaonana asubuhi ile njema. Watu wakaitikia amina, nikakaa, na jeneza likafungwa pochi langu likiwa magotini.

Baada ya kaburi, watu wakala. Mimi sikuweza kuketi na wageni. Nilizunguka nyuma ya jiko walipokuwa wanawake wakiosha sahani, nikavuta kigoda, nikakunja mikono ya gauni, nikatia mikono kwenye beseni. Maji yalikuwa ya mtungi, baridi, meupe kwa sabuni na mafuta. Mkono mwingine ukanigusa humo ndani. Nilipoinua macho alikuwa Kwamboka. "Mama, wewe ni mgeni, acha hizo," akasema. Nikamwambia, "Kwamboka, sikia. Yule mtoto wa jiwe, wa Kiogoro. Mama yako hakumharibu. Ni mimi."

Wale wanawake wengine wawili wakaacha kuosha. Kwamboka akatoa mikono yake majini. Uso wake haukunisaidia. "Nilikuwa darasa la sita," akasema. "Nilikuwa wa pili." Nikabaki na mikono yangu peke yake ndani ya beseni, na baridi ikaanza kuniuma, kweli kuniuma, vidole vyote kumi, mpaka kwenye viwiko. Sikuitoa.

"Iko wapi?" akauliza. "Hiyo jiwe. Ulitupa?"

Nikamwonyesha pochi kwa kidevu. Alifungua mwenyewe, akalipata jiwe chini ya leso. Akaliweka kiganjani na kufumba macho, kama mama yake, na dole gumba likaanza kutembea juu yake taratibu, kama la mtu aliyesugua mawe nyuma ya jiko tangu utotoni. Likapita. Likarudi. Likasimama.

"Hujamaliza kazi," akasema. "Hapa kuna pua."

"Hakuna," nikamwambia. "Nimekaa nalo miaka arobaini."

"Umekaa ukiangalia." Akaushika mkono wangu uliolowa, akalitoa dole langu gumba kama mtu anayemwonyesha mtoto, akaliweka. Sikuhisi kitu. "Usibonyeze," akasema. "Uliza." Nikangoja. Na hapo, ndogo kuliko punje ya wimbi, nikaihisi. Ilikuwa pua ya mtoto. Nililia palepale kwenye kigoda, kwa sauti, kama mwanamke aliyezaa jana, na Kwamboka hakunibembeleza. Alivuta kigoda karibu, akarudisha mikono yake majini, akaanza kuosha sahani iliyofuata.